Kugawa fedha za tabianchi bila kumruka mhitaji: mwongozo kwa halmashauri na kata za Nyanda za Juu Kusini

Fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zikitua wilayani, ugomvi wa kwanza hauhusu tabianchi. Unahusu nani atapata. Diwani wa milimani anasema barabara imekatika tangu Februari na viazi vinaozea shambani. Wa bondeni anasema mafuriko yamezoa majaruba. Wa upande mkavu hasemi sana, maana kata yake ina watu wachache na ameshazoea kuondoka na kidogo. Wote watatu wanasema kweli. Pasipokuwa na kanuni mezani, fedha itafuata mwenye sauti kubwa, au itagawanywa sawa kwa sawa ili kikao kiishe watu wawahi magari.

Ugomvi huohuo, kwa tarakimu kubwa zaidi, unaendelea kati ya mataifa tangu Mkataba wa Tabianchi wa 1992, ambao ndani yake nchi tajiri zilikubali kusaidia nchi zilizo hatarini zaidi kubeba gharama za kuhimili. Kule juu wameshajaribu kanuni kadhaa, na makosa yao yanaonekana wazi. Nimeyatumia hapa kwa faida ya afisa mipango, diwani, mtendaji wa kata na mjumbe wa asasi ya kiraia atakayekaa kwenye kamati ya mgawo, iwe Mbarali, Kilolo, Makete au Ileje.

Msimamo wangu niuseme mapema. Uhitaji ndio uamue kiasi. Uwezo wa kusimamia fedha uamue tu namna ya kuitoa. Mkiyachanganya hayo mawili, kata iliyo taabani zaidi itakosa kila mwaka, na kwenye karatasi itaonekana imekosa kihalali.

Hatua ya kwanza: jua fedha imepita mlango gani

Kabla ya kugawa, soma barua na mkataba vilivyoileta. Si kila fedha inayoitwa ya tabianchi inaweza kugawanywa kwa kanuni ya uhitaji.

Picha kubwa kwanza. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, ahadi hiyo ilitimia 2022. Baku, mwaka 2024, lengo likapandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Ila sehemu kubwa ya fedha hizi huenda kwenye kupunguza hewa ukaa, si kwenye kuhimili. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa fedha za umma za kimataifa za kuhimili zilizofika nchi zinazoendelea mwaka 2022 zilikuwa kama dola bilioni 28, wakati mahitaji ya muongo huu ni kati ya bilioni 215 na 387 kila mwaka. Maana yake, kwa kila dola iliyofika, zilihitajika kati ya nane na kumi na nne. Kwa hiyo msikae kwenye kamati mkidhani mnagawa shibe. Mnagawa upungufu, na ndiyo sababu kanuni ina thamani.

Hapa Tanzania, Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayotoa ridhaa ya nchi kwa miradi inayopelekwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao ni mfuko wa kimataifa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imeidhinishwa kupokea fedha moja kwa moja kutoka Mfuko wa Kuhimili, mfuko mwingine wa kimataifa, na miradi ya namna hiyo imekwenda Kongwa na Bunda. TAMISEMI, kwa mpango unaoitwa LoCAL, ilianza kupeleka ruzuku za uhimilivu kwenye halmashauri za Chamwino, Kondoa na Mpwapwa. Kabla ya hapo, Longido, Monduli na Ngorongoro zilikuwa zimejaribu mfumo ambao kamati za wananchi wenyewe huchagua miradi. Anayetaka kuona jambo hili likifanya kazi aende akaongee na maafisa mipango wa wilaya hizo. Nauli ya basi hadi Dodoma ni nafuu kuliko semina ya hotelini.

Halafu kuna mikopo. Benki ya CRDB iliidhinishwa na Mfuko wa Kijani mwaka 2019, na 2021 ikapata programu ya kilimo ya jumla ya dola milioni 200, ambayo nusu yake inatoka kwenye mfuko huo. Ni fedha nzuri kwa mkulima wa parachichi Njombe anayetaka umwagiliaji wa matone. Lakini mkopo humfuata anayeweza kulipa. Ruzuku ndiyo inayoweza kumfuata mhitaji. Msiuingize mkopo kwenye hesabu za mgawo, na msikubali mtu aseme kata fulani "imeshapata" kwa sababu tu wakulima wake walikopeshwa.

Hatua ya pili: tazameni mataifa walipojikwaa

Mfuko wa Kuhimili ulipoanza kazi ulitafuta kanuni isiyoleta ugomvi. Mwaka 2010 ukaweka ukomo mmoja kwa kila nchi, dola milioni 10. Mwaka 2021 ukaupandisha hadi milioni 20. Kanuni hiyo ni rahisi na haina upendeleo wa wazi, lakini ukomo wa Tuvalu, yenye watu kama 11,000, ni uleule wa India yenye zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne. Usawa wa namna hii hulinda kikao tu. Una jambo moja zuri, hata hivyo: nchi ndogo ilikuwa na uhakika kwamba fungu lake halitamezwa na kubwa. Tutalihitaji wazo hilo tukifika kwenye hesabu.

Mfuko wa Kijani ulichagua njia nyingine. Uliazimia kwamba nusu ya fedha, ikipimwa kwa thamani ya ruzuku, iende kwenye kuhimili, na angalau nusu ya hiyo iende kwa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, visiwa vidogo na nchi za Afrika. Tanzania inaingia humo mara mbili. Lakini ndani ya fungu hilo hakuna nchi yenye kiasi chake. Anayepata ni mwenye andiko lililokamilika, na kukamilisha andiko la namna ile huchukua miaka na wataalamu wa kulipwa. Nchi yenye ofisi dhaifu hubaki kwenye foleni hata kama ndiyo inayozama. Huo ndio mtego ninaouogopa zaidi ngazi ya wilaya: kuita "maandiko kutoka kata zote" na kumpa aliyeandika vizuri. Kata yenye walimu wastaafu wawili na kompyuta itaibuka mshindi kila mara.

Jirani zetu Kenya, kwenye mifuko ya kaunti iliyoanzia Isiolo na kuenea Makueni, Kitui, Wajir na Garissa, walifikia mgawanyo ambao mimi ningeuiga bila aibu: asilimia 70 kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, asilimia 20 kwa miradi ya kaunti nzima, asilimia 10 kwa uendeshaji. Taasisi ya IIED ya London ilikadiria kuwa kati ya 2003 na 2016, chini ya asilimia 10 ya fedha za mifuko ya kimataifa ya tabianchi zililenga ngazi ya chini kabisa. Ile 70 ina maana ukiisoma pembeni ya hii 10.

Hatua ya tatu: vigezo kwanza, majina baadaye

Hii hatua ndiyo inayobeba nyingine zote. Vigezo na uzito wake vikubaliwe, viandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa kabla hata kata moja haijapewa alama. Diwani akishajua kigezo fulani kinaibeba kata yake, huwezi tena kumwondolea. Asiyejua atachagua kwa busara, maana naye anaweza kuwa upande wa kupungukiwa.

Vigezo visizidi vitano au sita. Nimeona majedwali yenye vigezo thelathini, kila kimoja na desimali zake. Wingi ule hauongezi usahihi. Unafanya wajumbe waogope kuuliza. Kwa mikoa yetu napendekeza hivi vitano, kila kimoja kikipewa alama 0, 1 au 2, jumla igawanywe kwa 10.

Cha kwanza ni maji ya Oktoba. Pimeni muda wa kwenda na kurudi na ndoo kichwani mwishoni mwa kiangazi, si Machi ambapo kila korongo lina maji. Chini ya nusu saa ni 0, nusu saa hadi saa moja ni 1, zaidi ya hapo ni 2.

Cha pili ni njaa ya masika. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ghala linapokwisha na mahindi mapya bado mabichi. Ulizeni ni kaya ngapi huwa zinanunua unga kabla ya Februari.

Cha tatu ni kufikika: siku ambazo gari haliwezi kufika zahanati au gulio wakati wa mvua. Cha nne ni hatari yenyewe, yaani katika misimu kumi iliyopita ni mingapi iliharibiwa na ukame, mafuriko au maporomoko. Cha tano ni namna ya kujinusuru: kaya zisizo na kipato kingine nje ya shamba la mvua, na uwiano wa kaya zilizo kwenye daftari la TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Angalieni kigezo cha tano kisikue hadi kikameza vingine. Umaskini na hatari ya tabianchi ni ndugu lakini si mapacha. Kama lengo ni umaskini peke yake, TASAF ipo.

Hatua ya nne: takwimu za ofisini, na punje za mahindi

Idadi ya watu chukueni kwenye Sensa ya 2022. Mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kinazijua vizuri tabia za misimu yetu. Habari za barabara ulizeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Za mito ziko kwenye bodi za maji za mabonde: la Rufiji lina makao Iringa, la Ziwa Rukwa liko Mbeya mjini, la Ziwa Nyasa liko Tukuyu. Mkoa mmoja wa Mbeya unamwaga maji kwenye mabonde yote matatu, kwa hiyo usishangae kata mbili za wilaya moja zikiwa na takwimu kutoka ofisi tofauti.

Takwimu za ofisini hazitoshi kwa kigezo cha maji na cha njaa. Hapo nendeni vijijini, na msiitishe mkutano mmoja wa wote. Wakusanyeni wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Chini ya mti chorea mchangani duara kwa kila tatizo: maji, barabara, chakula, mafuriko, mifugo. Kila mtu apewe punje kumi za mahindi azigawe kwenye maduara atakavyo. Kisha hesabuni mbele yao. Duara la maji upande wa akina mama hujaa hadi punje zinamwagikia nje, huku la wanaume likiwa na chache na lao la barabara limefurika. Msizichanganye punje hizo kutafuta wastani. Kila kundi liandikwe safu yake, kwa sababu anayebeba ndoo na anayesafirisha magunia wanaishi tabianchi tofauti katika nyumba moja.

Watakaosahaulika ni wale ambao sensa iliwakuta pengine: wafugaji wanaohamahama pembezoni mwa Usangu, vibarua wa mashamba ya chai na miti Mufindi, wapangaji wa mashamba ya mpunga waliokuja msimu mmoja wakabaki. Mtendaji wa kijiji huwa anawajua kwa idadi ya kukadiria. Iandikwe hiyo, na chanzo chake kitajwe.

Kuhusu udanganyifu, utakuwepo. Dawa yake ni ndogo: alama za kila kata zikakaguliwe na mtendaji wa kata jirani akiwa na mjumbe mmoja wa asasi. Jirani anajua kisima kipo wapi.

Hatua ya tano: hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri ina shilingi milioni 600 na kata tatu. Kata ya Milimani ina watu 12,000, Bondeni 15,000, Nyanda Kavu 8,000.

Tukifuata mgawanyo wa 70, 20 na 10, miradi ya kata inapata milioni 420, miradi inayovuka mipaka ya kata milioni 120, uendeshaji milioni 60. Posho zote zitoke kwenye hizo 60, pamoja na mafuta ya gari na chai ya kikao. Zikiisha, zimeisha.

Mkigawa milioni 420 sawa kwa sawa, kila kata inapata 140. Mkigawa kwa idadi ya watu peke yake, Milimani inapata 144, Bondeni 180, na Nyanda Kavu 96. Kata yenye taabu zaidi ndiyo inayopata kidogo kuliko zote, na hakuna mtu aliyedanganya.

Sasa leteni alama. Milimani wana maji 0, njaa 0, barabara 2, hatari 1, kujinusuru 1. Jumla 4, yaani 0.4. Bondeni: 1, 1, 1, 2, 1, yaani 0.6. Nyanda Kavu: 2, 2, 1, 2, 2, yaani 0.9.

Robo ya fedha, milioni 105, igawanywe sawa, milioni 35 kwa kila kata. Hiki ndicho kile kizuri cha Mfuko wa Kuhimili: hata kata ndogo ina pa kusimamia. Robo tatu iliyobaki, milioni 315, ifuate watu mara alama. Milimani 12,000 mara 0.4 ni 4,800. Bondeni 15,000 mara 0.6 ni 9,000. Nyanda Kavu 8,000 mara 0.9 ni 7,200. Jumla 21,000, kwa hiyo kila pointi ina thamani ya shilingi 15,000. Milimani wanapata milioni 72, Bondeni 135, Nyanda Kavu 108. Ukiongeza zile 35, mgawo wa mwisho ni 107, 170 na 143.

Kwa kichwa, mtu wa Nyanda Kavu amepata kama shilingi 17,900 na wa Milimani kama 8,900. Diwani wa Milimani atasimama. Jibuni kwa kumwonyesha alama zake moja moja, na kumkumbusha kuwa barabara yake ina nafasi kwenye zile milioni 120 za miradi inayovuka kata. Barabara ya kutoka Isyonje kwenda Kitulo na Makete, kwa mfano, viazi vinavyopita hapo havilishi kata moja. Hakuna sababu kata moja ibebe tope lake peke yake.

Humohumo kwenye fungu la 120 tengeni akiba ya dharura. Aprili 2024 udongo wa mlima Kawetele uliporomoka ukafukia nyumba kata ya Itezi, Mbeya mjini. Jambo kama hilo halisubiri bajeti ijayo.

Hatua ya sita: uwezo mdogo usigeuzwe adhabu

Mhasibu atawaambia kata fulani haina akaunti inayoeleweka, kamati yake haijakaa mwaka mzima, na fedha ya mwisho ilirudi bila kutumika. Yote yanaweza kuwa kweli. Kinachofuata kwa kawaida ni fungu lake kupelekwa "kwa wanaoweza kutumia". Hapo ndipo haki inapovunjika kwa jina la ufanisi.

Fanyeni hivi. Kiasi cha kata hiyo kibaki kilekile. Kinachobadilika ni awamu. Kata yenye kamati imara ipewe fedha kwa awamu mbili. Yenye kamati dhaifu ipewe kwa awamu nne ndogo, na kipindi cha awamu ya kwanza kitumike kuandaa: kuchagua kamati mpya kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kumlipa fundi sanifu wa maji au wa ujenzi achore na kukadiria gharama, kufundisha mweka hazina kutunza daftari. Gharama hiyo itoke kwenye zile asilimia 10 za uendeshaji, isikatwe kwenye fungu la kata. Kama baada ya mwaka mzima bado hakuna kinachosonga, fedha itekelezwe na halmashauri kwa niaba ya kata hiyo, palepale ndani ya kata hiyo.

Mchango wa wananchi nao una mtego wake. Kijiji cha Rungwe chenye migomba na maziwa kinaweza kuchangia fedha taslimu. Kijiji cha ukanda mkavu wa Ismani, msimu ukiwa mbaya, hakiwezi. Mkiweka sharti la asilimia ileile kwa wote, mmemtoza anayezama nauli ya boti. Ruhusuni mawe, mchanga na siku za kazi, na wakati wa njaa siku hizo za kazi zilipwe.

Hatua ya saba: kuchagua mradi, na swali la nani yuko chini ya mto

Haki iamue kati ya kata na kata. Ufanisi uamue ndani ya kata. Msilinganishe kisima cha Nyanda Kavu na mtaro wa mjini kwa kigezo cha "gharama kwa kila mnufaika", maana penye watu wengi patashinda daima. Linganisheni kisima na bomba la mserereko, vyote viwili kwa ajili ya watu walewale. Mserereko haunywi dizeli. Kisima kirefu kinahitaji pampu, na pampu inahitaji chombo cha watumia maji kinachokusanya fedha ya ndoo kila wiki bila kukosa. Kwa kila mradi ulizeni nani atalipia tengenezo la kwanza, na jina lake liandikwe.

Halafu likaja suala la maji ya mto, ambalo huku kwetu ndilo zito kuliko yote. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, chini ya ardhi oevu ya Ihefu, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa juu, kwenye skimu na mashamba ya Usangu. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi bondeni kwa ajili ya kuuokoa mto. Mto uliendelea kukauka.

Sasa tazameni banio. Banio la asili ni mawe, magogo na majani yaliyopangwa kukatisha mto. Linavuja. Mvua kubwa ikija linabebwa, watu wanalijenga upya. Mhandisi akiliona anaandika "upotevu wa maji", na mradi wa kuhimili tabianchi unaletwa: banio la zege lenye geti la chuma. Picha inapendeza. Lakini yale maji "yaliyopotea" yalikuwa yakimfikia mkulima wa chini, ng'ombe wa mfugaji, na hatimaye Ihefu. Zege halivuji, na mwezi Septemba geti likifungwa linaweza kukamata mto wote. Kata ya juu imehimili. Kata ya chini imekaushwa kwa fedha za tabianchi.

Kwa hiyo mradi wowote unaogusa mto upite kwenye maswali haya kabla ya kupewa hata shilingi. Je, kuna kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, na kiasi kilichoandikwa kinatekelezeka kiangazi? Je, geti lina tundu la chini lisilofungika, la kupitisha maji ya mto muda wote? Je, jumuiya ya watumia maji ya chini ya mto imesaini, siyo ya juu peke yake? Mkikosa sahihi ya wa chini, rudisheni andiko. Mimi singemwonea haya mtu yeyote hapo, hata awe mbunge.

Kosa jingine linalovaa nguo nzuri ni upandaji miti. Njombe na Mufindi mikaratusi imepandwa hadi kwenye vyanzo, na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vilivyokuwa na unyevu hadi Oktoba vinakauka mapema. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Andiko lisiseme tu "miti 50,000". Liseme miti gani na iko wapi. Kwenye chemchemi ni mivengi na miti mingine ya asili inayopatana na maji, na mara nyingi uzio wa kuzuia ng'ombe unafanya kazi kubwa kuliko miche.

Miradi midogo isidharauliwe. Kwenye miteremko ya Uporoto viazi vinalimwa kwa matuta yanayoshuka na mlima, na kila mvua kubwa inaondoka na udongo na mbolea. Kugeuza matuta yakatishe mteremko kunataka afisa ugani, pikipiki yake na mafuta. Kuchukua utabiri wa Msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda na kuupeleka kwenye mikutano ya vijiji kunagharimu chini ya hapo.

Hatua ya nane: kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua zinaanza Novemba. Kuchimba, kujenga na kumwaga zege kwa nafuu kunawezekana kati ya Juni na Oktoba. Kwa hiyo uchaguzi wa miradi, michoro na makadirio vimalizike wakati wa mvua, ili Julai ikifika zabuni ziwe tayari. Fedha ikichelewa hadi Januari, nunueni mabomba na koki, mfanye mafunzo, msichimbe mtaro utakaojifukia wenyewe. Saruji nayo msinunue mapema. Kwenye ghala la shule lenye unyevu wa masika inaganda kabla fundi hajafika. Na kwenye mkataba ombeni tangu mwanzo ruhusa ya kuvusha fedha za ujenzi baada ya Juni 30, la sivyo watu watajenga kwenye tope ili kuwahi kufunga hesabu.

Hatua ya tisa: ubao, malalamiko na marekebisho

Jedwali la alama, hesabu yote ya mgawo na majina ya wanakamati vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila kata na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi. Tarakimu ziwe zile zile, kata zote zikiwa kwenye karatasi moja, ili wa Bondeni aone ya Milimani. Toeni siku 14 za malalamiko, yaandikwe, na yajibiwe kwa maandishi na mtu ambaye hakukaa kwenye kamati.

Alama zihesabiwe upya kila baada ya miaka mitatu. Hapo kuna jambo la kuangalia. Tuseme Nyanda Kavu wametumia fedha vizuri, maji yamesogea, ghala limejaa, na alama yao imeshuka kutoka 0.9 hadi 0.6. Kwa kanuni ileile, mgawo wao utaanguka kutoka milioni 143 hadi kama 116 kwa mpigo, kabla hata deni la fundi wa pampu halijaisha. Wekeni breki: mgawo wa kata usishuke zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nyanda Kavu wataanza na milioni 128.7, wakifika kwenye kiwango chao kipya mwaka wa pili, na pengo la katikati likatwe kwa Milimani na Bondeni kwa uwiano wa migawo yao. Sharti hilo nalo liandikwe siku ile ya vigezo, wakati bado hakuna anayejua litamwangukia nani.